Mpango wa Kuinua Taaluma na Ngedere wa Mzee Bilali

Jumatatu, 10 Machi 2003

Leo nimeanza kuandika Mpango wa Kuinua Taaluma. Jalada limekamilika. Jina langu lipo katikati, kwa wino mwekundu: Mwalimu Andrea, Kaimu Mwalimu Mkuu. Neno "Kaimu" nimeliandika kwa herufi ndogo kwa sababu ni la muda tu.

Wilaya inataka kila shule iwe na mpango wake. Mkaguzi atatoka Ruangwa mjini na kufika hapa Nahimbwe Ijumaa ya tarehe 28. Atasikiliza mpango, atapita madarasani, kisha ndipo ataamuliwa mwalimu mkuu kamili. Tangu Mwalimu Mohamedi astaafu, kiti chake nakikalia mimi. Nimeshakizoea, nacho kimenizoea.

Mpinzani ni mmoja, Mwalimu Prisca wa Hisabati. Hajawahi kusema anautaka ukuu. Hapo ndipo ninapomtilia shaka. Walimu wengine wawili hawana neno: Halfani anataka kupumzika, Magreti anataka uhamisho kwenda Nachingwea aliko mumewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimegundua kwa nini tunafeli. Si ujinga, ni mahindi.

Mahindi yameanza kubeba na ngedere wameshapata habari. Kila shamba lina dungu lake, ulingo wa miti wa kulindia, na juu ya kila dungu amekaa mwanafunzi wangu na kombeo mkononi, analinda. Leo darasa la saba lilikuwa na watoto tisa na mbuzi mmoja. Mbuzi alikuwa msikivu kuliko wengine.

Nimeitisha kikao cha walimu. Prisca amesema ngedere huja alfajiri na huja tena jioni, jua likiwa kali wanajificha kivulini. Watoto wenyewe ndio waliomweleza. Akashauri basi masomo yaanze saa nne mpaka saa tisa kwa msimu huu. Nimemjibu kwa upole kwamba ratiba ya shule ya serikali haiwezi kupangwa na ngedere. Halfani alicheka. Sikuona cha kucheka.

Wazo la kitoto. Mkaguzi hawezi kulisikiliza. Isitoshe si langu.

Alhamisi, 13 Machi

Mkakati wa kwanza: sanamu. Ukisimamisha sanamu shambani, mtoto anakuwa huru kuja shule. Nashangaa hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Nimekwenda kuanzia kwenye shamba la Mzee Bilali, mwenyekiti wa kamati ya shule, ili wengine waige. Ili kuonyesha mfano nimetoa shati langu la bluu, lile la sherehe. Sanamu limependeza. Mkewe, Mama Hajra, amesema ukilitazama kwa mbali unaweza kulisalimia. Mzee Bilali amesema limenizidi akili usoni.

Nisieleweke vibaya. Mimi Mngoni, yeye Mmwera, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Babu zetu walikuja huku na mikuki wakaondoka na mbuzi wa watu, na sasa sisi wajukuu tunalipa kwa kusemwa. Mtani anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote. Anaweza hata kuchukua kitu chako akaondoka nacho. Kukasirika ni mwiko. Nimecheka mpaka mashavu yakaniuma.

Jumamosi, 15 Machi

Sanamu limedumu siku moja. Ngedere wamelizoea. Mama Hajra amewakuta wamekaa miguuni pake wanakula mahindi mabichi kama wageni waliokaribishwa. Mmoja ameondoka na mkono wa shati.

Mzee Bilali ametuma salamu kwamba anashukuru, ila safari ijayo nisilete ndugu yangu.

Jumanne, 18 Machi

Mkutano wa wazazi. Naandika haraka maana kichwa kinauma.

Nilihutubia vizuri sana. Niliwaeleza kwamba elimu ni ya mtoto lakini mzigo ni wetu sote. Nilipoona wamesinzia nikapandisha sauti. Nikasema sisi walimu tuko tayari kwa lolote, hata kupanda dunguni badala ya watoto, ilimradi watoto waje darasani.

Ilikuwa namna ya kusema tu. Mtu yeyote aliyesoma angeelewa.

Mzee Bilali akasimama. Akasema wazazi wenzangu mmesikia, Mngoni amesema walimu watapanda dunguni, na leo kwa mara ya kwanza Mngoni ametoa badala ya kuchukua. Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikainua mkono nifafanue. Yeye akainua mikono ya dua. Fatiha ikasomwa, wote wakaitikia amina, wakatawanyika.

Jambo lililokwisha kufungwa kwa Fatiha, nani atalifungua? Mimi Mkristo, mgeni, na juu ya hayo mtani?

Usiku nimekaa na kufikiri. Hata hivyo, mkakati huu una faida. Mahudhurio yatapanda. Nimeuingiza kwenye mpango kama Mkakati wa Pili na nimeupigia mstari.

Alhamisi, 20 Machi

Mahudhurio asilimia mia moja! Haijapata kutokea tangu shule ijengwe. Madawati hayatoshi, wengine wamekaa madirishani.

Tatizo dogo ni walimu. Mimi niko dungu la Mzee Bilali, Halfani yuko la jirani yake, Magreti yuko la bondeni. Kila tulipo tunalinda mashamba matatu manne kwa sauti. Shuleni yupo Prisca peke yake na madarasa saba. Amenifuata mpaka shambani kuniuliza hao watoto nani atawafundisha. Nimemwambia kila mpango una hatua, na hatua ya kwanza ni mahudhurio.

Akarudia habari ya saa nne. Nikapiga debe kumfukuza ngedere ambaye kusema kweli hakuwepo.

Jumatatu, 24 Machi

Dungu si pabaya. Kuna upepo. Nimejifunza kombeo, jiwe la tatu limefika nilikokusudia au karibu na hapo. Mama Hajra ameniletea ugali wa mtama na kisamvu cha karanga. Halfani anasema hajawahi kuipenda kazi ya ualimu kama wiki hii. Analala fofofo, ngedere wanamruka.

Nimemaliza kuandika mpango nikiwa huku juu. Kurasa kumi na mbili, michoro miwili ya rangi. Ijumaa asubuhi nitakuwa shuleni mapema, nimevaa suti ya harusi yangu, nimesimama mlangoni. Mkaguzi ataona madarasa yamejaa. Hilo kila mtu ataliona, hata asiyenipenda.

Ijumaa, 28 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa tayari, na suti, na tai. Nikasema nipite kwanza kwa Mzee Bilali kumuaga kwamba leo sitapanda. Nikaegemeza baiskeli nje. Akaniambia ana msiba wa shemeji kijiji cha Nandagala, Mama Hajra ameshatangulia, shamba halina mtu. Nikamwambia leo ndiyo siku yangu, mkaguzi anakuja. Akanijibu, "Na mimi mahindi yangu nimwachie nani, mtani? Mlinzi si wewe?" Akapanda baiskeli yangu akaenda nayo. Mtani. Ningemfanya nini? Nikasimama nacheka mwenyewe njiani.

Kutoka pale mpaka shule kwa miguu ni mwendo. Nikasema ngoja niwafukuze ngedere mara moja, halafu nikate njia ya mkato. Nikapanda dunguni na suti. Ngedere wakaja wengi kuliko siku zote. Nikifukuza huku wanatokea kule. Saa zikaenda.

Yaliyotokea shuleni nimesimuliwa na Magreti, aliyeshuka dunguni kwake mapema akarudi shuleni. Mkaguzi alifika akakuta watoto wote wamekaa na mwalimu ni mmoja tu. Prisca alikuwa amelikusanya darasa la tano, la sita na la saba uani, anafundisha sehemu kwa kukata muhogo vipande. Mkaguzi akawauliza watoto mwalimu mkuu yuko wapi. Wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya utii niliyowafundisha mwenyewe, kwamba Mwalimu Mkuu yuko dunguni anafukuza ngedere.

Akanifuata. Mtu mzima, viatu vya ngozi, tope mpaka kwenye soksi. Akasimama chini akaniuliza kama mimi ndiye kaimu. Nikasema ndiyo. Akasema basi nishuke. Nikamweleza kwamba nikishuka mahindi yataliwa, na kwamba mpango ninao mfukoni, naweza kuusoma nikiwa huku huku.

Nikausoma. Utangulizi ulikwenda vizuri. Nilipofika Mkakati wa Pili, ngedere watatu wakaingia upande wa mihogo, ikabidi nisimame nipige debe na kupaza sauti. Nikaomba radhi nikaendelea. Mkaguzi akaniuliza swali moja tu: watoto wakiwa darasani na walimu wakiwa dunguni, nani anafundisha nani?

Nikamwambia hiyo itajibiwa katika hatua ya pili. Akaandika kitu kifupi, akaaga.

Jumatano, 2 Aprili

Kamati ya shule imekaa na ofisa wa wilaya. Mwalimu mkuu kamili ni Prisca.

Imeniuma, sitaficha. Nimetoa vitu vyangu ofisini mwenyewe, kalenda na kikombe. Prisca amenisaidia kubeba. Hakusema neno la kuniumiza, na hilo limeniuma zaidi.

Kuanzia Jumatatu masomo ni saa nne mpaka saa tisa. Watoto watalinda alfajiri, watasoma jua likiwa kali, watarudi mashambani jioni. Wazazi wamekubali bila hata kubishana. Halfani ameambiwa ashuke dunguni. Amehuzunika.

Jumatatu, 7 Aprili

Ratiba mpya imeanza. Darasa la saba wametimia wote, na Prisca anawapa hesabu mpaka basi. Nilipita dirishani nikamwona Mwamina, binti wa Mwalimu Magreti, ambaye alikuwa hajui hata kujumlisha, anamsahihisha mwenzake ubaoni. Vizuri. Nilijua mahudhurio yatazaa matunda.

Mchana Mzee Bilali ameleta baiskeli yangu, imeoshwa, na gunia la mahindi mabichi limefungwa nyuma. Akaniambia kamati ilikuwa na ajenda ya pili siku ile, nami niliondoka kabla. Mahindi ya mwaka huu yamepona kuliko ya mwaka wowote anaoukumbuka, na mtama unakaribia kuiva, ndege ndio hao. Wazazi wakapendekeza kwamba mimi, nje ya vipindi vyangu, niwe msimamizi wa madungu yote ya kijiji. Wakapiga kura. Mikono yote ikapanda. Yeye mwenyewe aliinua miwili.

Nikamuuliza kama kuna aliyenipinga. Akasema hata mmoja.

Nimekaa muda mrefu nalitafakari hili. Prisca alipata ukuu kwa mikono saba dhidi ya miwili. Mimi nimepita bila kupingwa. Inaonekana kijiji kinajua uongozi uko wapi, ila wilaya ndiyo imechelewa kuona. Nimetoa karatasi mpya na kalamu nyekundu. Jalada limekamilika: Mpango wa Madungu wa Wilaya Nzima, umeandaliwa na Mwalimu Andrea, Msimamizi Mkuu. Safari hii neno "Kaimu" halipo kabisa.