Nilivyoachia Fimbo Mtoni ili Nimwamkie Baba Mkwe

Leo nimeumbuka, tena nikiwa na adabu zangu zote.

Jumamosi tunapeleka posa kwa akina Neema, Kikwe. Presha imenipanda, nikasema leo nikavue samaki mtoni hukohuko na rafiki yangu Eliakimu, nitulie. (Mvuvi gani? Mimi mtoto wa mjini, Kijenge, samaki nawajua wa kukaanga.)

Eliakimu akanikatia fimbo ndefu. "Majini gusa chini kwanza, ndipo upige hatua. Na fimbo uifunge kwa kamba kiunoni, isikutoroke."

"Kwani mimi mbuzi?" Kamba nikaiacha ukingoni.

Jamani, fimbo inasaidia! Maji ya mlimani yanasukuma, mawe yanateleza kama mlenda, lakini mimi nimesimama imara katikati, ndoana mkono huu, fimbo mkono ule. Nikaanza hadi kupiga mluzi.

Mara sauti ukingoni: "Vijana, samaki wanakula?"

Nageuka. Baba yake Neema! Tulishaonana mara moja tu, kanisani. Amekuja kunywesha ng'ombe.

Sasa, bibi yangu alinilea hivi: mkubwa haamkiwi ukiwa na kofia kichwani, wala ukiwa umeegemea fimbo. Nikavua kofia. Nikaachia fimbo. Nikainama.

"Shikamoo ba..."

Iliyobaki nimeimalizia chini ya maji. Fimbo ikaenda zake, kofia ikaifuata, na mimi nyuma yao! Mzee akakimbia ukingoni, akaninyooshea fimbo yake ya kuchungia, nikaing'ang'ania, akanivuta hadi nchi kavu. Suruali imebaki na mto. (Msiniulize mkanda ulikuwa wapi.)

"Marahaba," akasema, mimi natema maji. Kisha akageukia nyumbani kwake, hapo juu tu: "Mama Neema! Lete kanga, mkwe amefika!"

Kanga ya mama mkwe! Mtu ambaye hata kumtazama usoni naona haya! Nimekunywa chai yake nikiwa nimejifunga kanga yake, macho chini, nikijua posa ndiyo basi tena.

Jioni hii Neema kapiga simu. "Baba anasema posa ileteni. Hajawahi kuona kijana aliye radhi azame kuliko akose adabu."

Nikashukuru Mungu kwa sauti.

"Ila anasema Jumamosi mkivuka mto, ufungwe kamba."

Mshenga wangu, ukisoma hapa, kamba tafuta wewe, mimi nafua kanga. Wengine nawaomba mcheke Jumapili.