Tundu la Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi. Manyunyu asubuhi, jua kuanzia saa nne.

Mwalimu wa somo la habari ametangaza: mwenye uchambuzi bora wa jarida la mitindo ndiye atakayepanga kurasa za jarida la chuo. Nafasi moja tu. Miwani, jirani yangu wa dawati, akaniambia shoga nisijichoshe, yeye ana jicho. Jicho! Na lenzi nene kama kitako cha chupa.

Toleo la kuchambua ni moja kwa wote, na maktaba ina nakala moja. Ila mama mdogo, fundi cherehani, analo toleo hilohilo kwenye chumba chake cha kushonea. Kwa hiyo saa saba mchana nakala ya maktaba nimeisogeza nyuma ya vitabu vya kilimo, rafu ya chini kabisa. Si wizi. Haijatoka jengoni.

Jumanne, 5 Machi. Mawingu.

Nimepima jarida la mama mdogo kwa rula. Pambizo, sentimita moja na nusu. Safu tatu. Kisha ukurasa wa kumi na moja: katikati pana tundu lenye umbo la gauni, na ndani yake linachungulia tangazo la sabuni la ukurasa wa kumi na tatu. Ujasiri ulioje. Nyuma ya ukurasa, sentensi zinakatwa na tundu hilohilo, msomaji abaki na hamu. Nikamwonyesha mama mdogo, nikamuuliza kama haoni ni kazi nzuri. Alikuwa na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 6 Machi. Jua kali.

Miwani kazunguka maktaba nzima. Mwishowe akaja kwangu kwa sauti ya asali, eti nimwazime jarida langu walau saa moja. Nikamwambia atumie jicho.

Alhamisi, 7 Machi. Upepo, vumbi.

Kumbe kila Alhamisi mkutubi hufuta rafu za chini. Nani anafuta vumbi kwenye vitabu vya kilimo? Jarida limepatikana, kapewa Miwani. Haidhuru. Nina kurasa saba, tatu za tundu peke yake.

Ijumaa, 8 Machi. Sikuangalia nje.

Nimesoma mbele ya darasa. Kimya. Nikadhani ni heshima. Mwalimu akaomba kuliona tundu, nikaliinua juu. Miwani naye akainua nakala ya maktaba: ukurasa wa kumi na moja, mwanamke mzima ndani ya gauni la njano. Mtu wa nyuma kacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nafasi kapewa Miwani. Mimi nitapiga stepla.

Nyumbani nikamkabili mama mdogo. Akasema, kwani mwanangu hukujua? Mteja alilipenda gauni lile, naye mama mdogo akaikata picha na kuibana kwenye kitambaa asije akasahau mshono. Jumanne alidhani namuuliza kuhusu gauni. Kisha akacheka, na cherehani ikasimama. Nimemwambia waziwazi: ukurasa ulipendeza zaidi ukiwa na tundu. Msanifu wa jarida ndiye aliyekosea kutolikata mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi. Manyunyu tena.

Nimemfuata mwalimu kwake. Kakubali nichambue jarida jingine, nikifanya vizuri niwe msaidizi wa Miwani. Msaidizi! Nitakubali kwa muda, mpaka darasa lijue nani ana jicho.

Mama mdogo kanipa jarida jingine, kaapa halijaguswa na mkasi. Sikumwamini. Nimehesabu kurasa na kuziinua moja moja kwenye mwanga. Nzima zote.

Na bahati yangu hii: ukurasa wa nane, kando ya mwanamitindo, pana tarakimu za penseli. 36, 29, 41. Chini yake: mkono mfupi, Jumatano. Ni wazi msanifu kasahau kufuta vipimo vyake vya ukurasa, na Jumatano ndiyo siku waliyolipeleka kiwandani kuchapwa. Tarakimu tatu, safu tatu. Miwani hawezi kuona kitu kama hiki. Mama mdogo sikumuuliza, atacheka tu. Nina kurasa nne tayari.

Nalala saa tatu na robo.