Bahasha za Brigedia Semboja

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Handeni na Korogwe sasa zina Kamati ya Pamoja ya Kukusanya Bahasha za Maisha Binafsi ya Hayati Brigedia Semboja. Mimi ndiye katibu. Barua zenyewe hatupokei. Barua ni umbea. Bahasha ni historia.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Obadia, alikuwa msiri wa marehemu. Amelisema hilo kila kikao, na mihtasari inathibitisha.

Bahasha za kwanza tulipewa Korogwe na Bibi Mwaija, mjane anayetambulika. Kisha akaja Bibi Mwatumu wa Mkata na furushi lake, limefungwa kwa kamba ya katani. Tukampa shikamoo. Akasema yeye ndiye mke wa kwanza, aliolewa Semboja akiwa bado koplo.

Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba nafasi ya mjane imeshajazwa. Bahasha zitapokelewa, ila jina lake litafunikwa kwa stika ya Kamati.

"Mwanangu," akasema Bibi Mwatumu, "jina hilo kaliandika mume wangu kwa mkono wake. Wewe unalifunika kwa mkono wa nani?"

Swali lilikuwa nje ya ajenda. Tukabandika.

Siku ya uzinduzi wa maonyesho ya bahasha, Bibi Mwaija alipita kukagua kabati la vioo. Akauliza stika zinaficha nini. Nikamfafanulia utaratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati, akatoa bahasha zote, zake na za mwenzake, akaenda kwenye viti vya nyuma alikokaa Bibi Mwatumu.

"Dada, twende zetu," akamwambia. "Wewe ndiye uliyenipokea nilipoolewa. Hawa hawakuwepo."

Wakatoka wameshikana mikono, na nusu ya waalikwa wakawafuata. Tuna taarifa kwamba walionekana Segera wakila mahindi ya kuchoma na kucheka.

Mgeni rasmi, kanali mstaafu, alikuta kabatini bahasha moja tu: ya Mwenyekiti mwenyewe, aliyomwandikia Brigedia. Mwenyekiti alikuwa ameilaza anwani juu na kuagiza isiguswe. Agizo hilo halikumfikia kanali. Akaigeuza. Haikuwahi kufunguliwa. Nyuma palikuwa na mwandiko wa marehemu, na kanali, aliyetumikia chini yake, akautambua. Akausoma kwenye kipaza sauti:

"Irudishwe. Huyu simfahamu, na haachi kuandika."

Mwenyekiti akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Ratiba ilisema mgeni rasmi akimaliza ni makofi, nami nikayaongoza. Yalichukua muda mrefu kuliko hotuba zote.