Swichi Iliyotakiwa Kujieleza

Napenda kuujulisha umma, kwa heshima na taadhima, kwamba Idara yetu ya Vizazi na Vifo ndiyo ya kwanza kupiga marufuku kikomo. Waraka ulitoka Jumatatu saa nne asubuhi, ukiwa na mihuri miwili na sahihi ya Mkurugenzi. Ulisema: "Kuanzia leo hakuna kifaa chochote cha Idara kitakachoruhusiwa kufika kikomo bila idhini ya maandishi."

Mimi nilikuwa katibu wa Kamati ya kusimamia waraka huo, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Mkurugenzi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, jambo ambalo halikuhusiana kabisa na uteuzi wangu. Nafasi ilishindaniwa. Nilishindana mimi, nikashinda.

Kifaa kilicholengwa kilikuwa swichi. Msifikirie swichi ya taa. Hii ilikaa chumba namba tisa, kwenye baridi ambayo hata ofisi ya Mkurugenzi haikuwa nayo, na kazi yake ilikuwa kuunganisha kompyuta za Idara na makabati ya diski yaliyohifadhi habari za kila aliyezaliwa na kila aliyekufa. Ukitaka cheti cha mwanao, karani wa dirishani anabonyeza, ombi linakwenda kwenye swichi, swichi inaangalia kama njia ya karani huyo imeandikwa, ndipo inamfungulia kabati. Kama njia haijaandikwa, hata karani angebonyeza mpaka kidole kivimbe, hapati kitu.

Aliyeitunza ni fundi tuliyemwita Mama Nyaya, mwanamke wa maneno machache aliyevaa sweta mwaka mzima kwa ajili ya kile chumba. Yeye peke yake alikuwa amesoma kitabu cha swichi. Kitabu kilikuwa na majedwali mawili. La kwanza lilieleza kipi kinapatana na kipi. La pili lilieleza mwisho ni ngapi.

Mambo yalianza Mkurugenzi alipotembelea idara jirani akakuta mwenzake ana njia yake binafsi ya kuingia kwenye makabati, bila kumtuma karani. Alirudi amenuna. Siku ya pili akatuita, akasema anataka wakubwa wote sitini na mmoja, kuanzia msimamizi wa stoo mpaka yeye, kila mmoja awe na njia yake. Akataka pia kumbukumbu za wakubwa zitiwe kufuli, karani yeyote asiweze kuzichungulia. Na mwendo kasi uwashwe, kwa sababu mkubwa hasubiri.

"Haziingii," Mama Nyaya akasema.

"Nini haziingii?"

"Njia. Mwisho wa swichi hii ni mia mbili. Madirisha na matawi yameshachukua mia na themanini. Ukiongeza sitini na moja, arobaini na moja zinabaki nje."

"Nani kasema mia mbili?"

"Kiwanda, mzee."

"Kiwanda kina cheo gani serikalini?"

Mama Nyaya akafikiri. "Hakina."

"Unaona sasa."

"Halafu kufuli na mwendo kasi havipatani. Ukiviwasha vyote viwili, swichi inazima kufuli."

Mkurugenzi akanigeukia. "Katibu, andika. Havipatani, vipatanishwe."

Ndipo Kamati ikaanza kazi, na naomba niseme wazi kwamba tulifuata taratibu zote. Kwanza tuliiandikia swichi barua ya kuitaka ijieleze ndani ya siku saba kwa nini isichukuliwe hatua. Barua ilibandikwa kwa gundi ubavuni mwake, na tarishi akasaini kwa niaba ya mpokeaji. Siku ya saba tukaenda kuangalia. Swichi ilikuwa inapepesa taa zake za kijani kama hakuna lililotokea. Tukaandika kwenye muhtasari: "Mhusika ameonyesha dharau."

Kisha tukakaa kikao cha upatanishi. Kufuli iliwakilishwa na afisa usalama, mwendo kasi ukawakilishwa na mkuu wa usafirishaji. Walibishana siku mbili, wakapeana mikono. Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kurekebisha kitabu tu. Palipokuwa na alama ya kosa tukapaka rangi nyeupe ya kufutia, tukaweka alama ya vema. Palipoandikwa mia mbili tukaandika mia tatu. Mihuri nilipiga mimi mwenyewe.

Muda wote huo madirisha yalifungwa, wiki tatu, ili zoezi lisiingiliwe. Kulikuwa na malalamiko yasiyo rasmi. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mama mshonaji, aliyekuja na binti yake amevaa sare za shule.

"Baba, hii ni mara ya tisa nakuja," akaniambia kwenye korido. "Bila cheti cha kuzaliwa shule haimwandikishi mtihani. Mwisho ni Ijumaa saa tisa."

"Mama, Idara iko kwenye maboresho."

"Mwanangu atarudia mwaka kwa sababu ya maboresho?"

"Wakati mwingine maboresho yanahitaji mtu arudie," nikamwambia kwa upole. Alimshika binti mkono, wakakaa kwenye benchi, na binti akageuza uso kuangalia ukutani ili nisione anavyolia. Niliona.

Alhamisi Mama Nyaya akaleta barua. Ilikuwa na mistari minne: swichi itawashwa upya kesho, itachukua njia mia mbili za kwanza kwenye orodha na zilizobaki itaziacha, kufuli itaizima yenyewe mwendo kasi ukiwashwa, tafadhali toa maelekezo kwa maandishi. Mkurugenzi hakufika mstari wa pili. Akaandika pembeni, "Nimeona. Endelea," akasaini.

"Na orodha niipange vipi?" Mama Nyaya akauliza. "Nani wa kwanza, nani wa mwisho?"

Swali hilo lilikuja kwangu, kwa kuwa itifaki ni fani yangu. Kila mtu aliyestaarabika anajua kwamba kwenye hafla wadogo hutangulia na mkubwa huingia mwisho. Nikaelekeza njia za madirisha ya wananchi na matawi zitangulie, wafuate wasimamizi wa stoo, kisha wakubwa kwa ngazi zao, na Mkurugenzi afunge orodha, namba mia mbili arobaini na moja. Mimi nilikuwa mia mbili arobaini.

Mama Nyaya akanisogezea orodha. "Una uhakika, kaka?"

"Itifaki haina uhakika. Itifaki ni itifaki."

"Haya. Nisainie na hapo."

Nikasaini.

Ijumaa Waziri akaja kuzindua. Ukumbi wa madirisha ulipambwa kwa vitambaa, na wananchi tuliwaruhusu kuingia ili wapige makofi. Mkurugenzi akabonyeza kitufe kilichofungwa utepe. Kule chumba namba tisa swichi ikazimika, ikawaka. Makofi yakapigwa.

"Vizuri," Waziri akasema. "Sasa nionyeshe inavyofanya kazi. Tuanze na kumbukumbu yako mwenyewe."

Mkurugenzi akacheka, akakaa mbele ya kompyuta yake mpya, akaandika nywila. Kioo kikasema: NJIA HAIPO. Akaandika tena. Haipo. Nikamkabidhi kompyuta yangu. Nayo haipo. Msimamizi wa stoo, aliyesimama nyuma kabisa akitafuna karanga, akatangaza kwamba yake imefunguka, na inakimbia kweli.

Wakati huohuo dirisha la nne likaita namba. Mama mshonaji akainuka. Hazikupita dakika mbili, karatasi ikatoka kwenye printa ikiwa bado ya moto. Akaisoma jina kwa jina, akampa binti, na wote wawili wakatoka mbio bila kusubiri hotuba. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Mbona kule kunafanya kazi?" Waziri akauliza.

Mama Nyaya akasogea, akatoa barua yake yenye "Nimeona. Endelea," na orodha yenye sahihi yangu. Waziri akazisoma zote mbili taratibu.

"Mheshimiwa, tuendelee na ratiba," Mkurugenzi akasema. "Chai iko tayari."

"Chai itasubiri. Chukua namba, ukaombe pale dirishani kama wenzako."

Shemeji akaninong'oneza, "Kufuli ipo?"

"Muhuri nimepiga, shemeji."

Akatulia. Akachukua namba thelathini na mbili, akakaa kwenye benchi kati ya mzee mwenye kikohozi na mama mwenye mapacha. Mmoja wa mapacha akamshika tai. Waziri akavuta kiti, akasubiri pamoja nao. Saa nzima ikapita. Nilijaribu kumwombea Mkurugenzi apite mbele, nikaambiwa na mzee mwenye kikohozi nikae chini.

Hatimaye namba thelathini na mbili ikaitwa. Karani wa dirisha la nne alikuwa binti mpya, miezi miwili kazini, hajui sura ya mkubwa yeyote. Akauliza jina, akabonyeza. Nikangoja kioo kikatae. Hakikukataa. Kabati likafunguka kama la mtu yeyote.

"Mzee, nisome ili uhakikishe?" karani akauliza. Alikuwa na sauti kubwa kama ya kufundishia darasani.

"Hapana, hapana, printi tu."

"Lazima nisome, ndiyo taratibu." Akasoma jina, akasoma la baba, la mama, kisha tarehe. "Kwa hiyo una miaka sitini na sita kamili, mzee. Hongera."

Kustaafu kwetu ni sitini, na mwezi uliopita tulikuwa tumemkatia Mkurugenzi keki ya miaka hamsini na saba. Hotuba ya keki niliandika mimi.

Waziri akasimama, akasogea dirishani, akaegemea pembeni ya shemeji yangu kama mtu aliye kwenye foleni ileile.

"Nakala ngapi?" karani akauliza.

"Mbili," Waziri akasema. "Moja naondoka nayo."