Kwa Nini Natoroka Kahawa ya Mume Wangu

Solveig Hultgren
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto
Norrköping, mwezi wa Novemba

Kwako Mhariri, wewe unayetufundisha kuishi kila Alhamisi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi vizuri, na mkononi una kikombe cha kahawa. Kama kahawa hiyo umeinunua nje, soma kwa raha zako. Kama umeipika mwenyewe nyumbani, kiweke chini kwanza, maana yanayofuata yanakuhusu.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane. Nimeendesha tramu katika mji huu miaka thelathini na mitatu, sikuwahi kumgonga mtu, na sikuwahi kuliandikia gazeti. Nimewavumilia mengi. Mlipoandika kurasa mbili nzima juu ya huzuni ya paka, nilinyamaza. Lakini mwezi wa tisa mlichapisha makala iliyouliza kwa nini watu wananunua kahawa nje ilhali jiko wanalo. Mwandishi wenu akajijibu mwenyewe kwamba ni uvivu. Akashauri kila nyumba itafute vifaa vya maana, ijifunze kwa subira, na itagundua kwamba kahawa bora kuliko zote ni ile ya mezani kwako.

Mume wangu Torkel aliisoma makala hiyo mara mbili, kisha akaikata kwa mkasi na kuibandika kwenye friji. Torkel alikuwa fundi wa lifti, na alistaafu mwezi wa sita. Mwanamume aliyestaafu akiwa na mkasi mkononi ni wa kuogopwa, Ndugu Mhariri, na nyinyi ndio mliompa cha kukata.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili yasigombane njiani.

1. Jiko langu limetekwa. Mashine ililetwa na wanaume wawili, na wote wawili walipumzika kwenye ngazi za ghorofa ya pili. Ni ya chuma, inang'aa, ina mabomba na saa za kupimia mvuke, na ukiitazama kwa mbali unadhani ina nahodha. Ili ipate pa kukaa, kikapu cha mkate kilihamia sebuleni na redio yangu ikapelekwa korido, pamoja na viatu. Nilipouliza mimi nitapelekwa wapi, Torkel alijibu bila kugeuka, "Wewe subiri, mama. Bado napasha moto."

2. Bado anapasha moto. Zamani nilitia kahawa kwenye birika, nikaenda msalani, nikarudi nikaikuta tayari. Siku hizi buni hupimwa kwenye mizani ndogo kama dawa ya mtoto. Kisha husagwa, na kinu chake kinalia sawasawa na tramu inayofunga breki kwenye kona ya stesheni. Mara ya kwanza nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, nikitafuta pedali. Kisha maji hupimwa joto. Kisha kijiko cha kwanza humwagwa, eti hakikukaa sawa. Niliwahi kuamka saa moja asubuhi na nikapata kikombe changu saa mbili kasorobo, nacho ni kidogo kama kifuniko cha chupa.

3. Naulizwa maswali. Hili ndilo linalonitoa roho. Ukinunua kahawa nje, unapewa, unakunywa, unaondoka. Hakuna anayesimama mbele yako akikukodolea macho kama mama mkwe siku ya kwanza ya pilau. Torkel husimama.

"Unasikia nini?" ananiuliza.

"Nasikia kahawa."

"Husikii ndimu kidogo? Pale mwishoni?"

"Torkel, kama umetia ndimu sema."

"Sijatia! Ndiyo uzuri wake! Kunywa tena, usiwe na haraka."

Hebu niambie, Mhariri, ni sheria gani ya nchi hii inayomlazimisha raia aliyelipa kodi maisha yake yote kufanya mtihani kabla ya kifungua kinywa?

4. Sikujibu vizuri. Alinuna hadi chakula cha mchana.

5. Sasa niseme wazi kwa nini watu wananunua kahawa nje, maana mwandishi wenu hajui. Chini ya jengo letu, ukivuka barabara, pana mkahawa wa Gunvor. Kahawa ya Gunvor ni mbaya. Huipika alfajiri akaiacha kwenye sahani ya moto mpaka ikate tamaa, na ikifika saa nne ina rangi ya maji ya mtaro na harufu ya tairi. Gunvor mwenyewe hatabasamu. Kwa miaka kumi na tisa ameniambia maneno mawili tu kila siku, "Kama kawaida?" nami nikajibu, "Kama kawaida," na hayo ndiyo mazungumzo matamu kuliko yote niliyo nayo.

Pale nakaa dirishani na rafiki yangu Majken, aliyekuwa akipokea wagonjwa kwa daktari wa meno na anayajua magego ya kila mtu anayepita barabarani. Tunakula andazi la mdalasini. Hakuna nguo za kupigwa pasi zinazonitazama. Simu ya nyumbani ikilia, inalia nyumbani. Kikombe nikikimaliza nakiacha pale pale, na sijui nani anakiosha, wala sitaki kumjua. Watu hatufuati kahawa, Ndugu Mhariri. Tunafuata kule kutokuwepo nyumbani. Kahawa ni ushahidi tu, ili mtu akikuuliza ulikuwa wapi uwe na jibu.

6. Kwa sababu ya makala yenu nimekuwa mzinzi. Sitii chumvi. Torkel alipoanza kunipikia vikombe vitatu kabla ya saa nne, ikawa siwezi tena kusema, "Natoka kunywa kahawa," maana hilo lingekuwa tusi. Nikaanza kusema naenda maktaba. Nikaanza kusema naenda kutazama makaburi ya wazazi, na wazazi wangu wamezikwa Kiruna, mwendo wa siku nzima kwa treni. Nilikuwa naingia kwa Gunvor kwa mlango wa nyuma, nimejifunika skafu mpaka puani, huku Majken akinichungulia dirishani na kunipa ishara.

Wiki tatu zilizopita nilirudi, nikavua koti, Torkel akanisogelea. Akanusa. Akaona punje za sukari kwenye kola.

"Maktaba wanauza maandazi siku hizi?" akauliza.

Nikaipangusa kola.

"Ni kwa Gunvor, sivyo?"

"Ni kikombe kimoja tu, Torkel."

"Kimoja leo. Na jana?"

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, mikono yake mikubwa ya fundi imelala mapajani, akaitazama ile mashine. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Miaka thelathini na minane nimekunywa kahawa ya chupa ndani ya shimo la lifti, peke yangu, gizani. Asubuhi wewe ulikuwa kwenye tramu yako, mimi shimoni kwangu. Nikasema nikistaafu nitampikia Solveig. Iwe nzuri. Tukae wote."

Nililia, Mhariri. Naliandika hili ili mjue madhara ya makala zenu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakutana na huruma, na huruma ni kitu kisicho na majibu. Tulikaa siku mbili katika nyumba hiyo tukipishana kama wageni kwenye hoteli, tukiombana radhi kila tukikutana mlangoni.

7. Siku ya tatu nilimshika mkono nikavuka naye barabara. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba kwa Gunvor hakuna anachonyang'anywa. Nilikosea sana. Alipiga funda moja. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Akainuka, akaenda kaunta, mbele ya watu wote, akasema kwa adabu kabisa:

"Samahani, Gunvor, hili birika umelisafisha lini?"

Majken aliganda na andazi mdomoni.

"Kwani wewe nani, bwana afya?" akasema Gunvor.

"Hapana. Nauliza tu. Na hii sahani ya moto ndiyo inayoiua. Ukiizima tu..."

"Miaka kumi na tisa napika hapa hajafa mtu."

"Hajafa, lakini amefurahi nani?"

Gunvor akaitupa taulo yake juu ya kaunta. "Kama unajua sana, mzee, njoo upike wewe!" Kisha akanigeukia mimi, mteja wake mwaminifu. "Na wewe Solveig, wa kwako ukimleta mahali pa watu mfunge mdomo."

Maneno mengi namna hiyo sikuwahi kuyasikia kwake. Tangu siku hiyo siwezi kukanyaga pale. Nyumbani nanyweshwa ndimu, na ng'ambo ya barabara nimefungiwa mlango. Majken ananipungia mkono kutoka dirishani kama mtu aliye melini.

8. Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, gazeti lako liongoze kampeni ya kutunga sheria. Wafalme wetu wa kale waliwahi kuipiga kahawa marufuku, si mara moja, na kosa lao lilikuwa moja tu: waliikataza kila mahali. Sheria yangu itaikataza majumbani peke yake. Kila nyumba iruhusiwe birika moja, kwa ajili ya wagonjwa na siku za tufani ya theluji. Kinu, mizani na kipimajoto vihitaji leseni kama bunduki za kuwindia. Wakaguzi wapite kwenye ngazi za majengo kila asubuhi wakinusa nyufa za milango. Mwanamume anayestaafu asiruhusiwe kukabidhi funguo za kazini mpaka aonyeshe barua ya mkewe inayoeleza atakuwa akishinda wapi. Na mwandishi wenu wa makala ile ahukumiwe kuja kwangu siku saba mfululizo, akae kiti changu, aulizwe anasikia nini.

Naamini haya si mengi. Nchi iliyoweza kuwahamisha watu wote kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine kwa siku moja, magari yakaacha kushoto yakashika kulia, haiwezi kushindwa kumhamisha Torkel kutoka jikoni.

Nikomee hapa, maana kinu kimeanza kulia na naitwa. Wasalimie wote hapo ofisini, yule wa habari za hali ya hewa ambaye hukosea kwa moyo mweupe, na yule wa tanzia ambaye hakosei. Msalimie na mwandishi wa makala, mwambie namngoja.

Mimi raia mwenye kiu,
Solveig Hultgren

Tanbihi: Barua hii ilikaa siku tisa kwenye pochi yangu nikitafuta stempu, na mambo yamegeuka. Jumanne mlango uligongwa, nikamkuta Gunvor, anahema, ameegemea ukuta. Madaktari watambadilisha nyonga, atakaa nje ya kazi hadi majira ya kuchipua. Hakunitazama mimi. Alimnyooshea Torkel funguo, akasema, "Ulisema unajua. Haya." Torkel aliivusha mashine barabara kwa kibao cha kuburuta juu ya theluji, akaifunika blanketi kama bibi harusi. Sasa vijana wanapanga foleni mpaka kona ya duka la dawa, wanalipiga picha povu, na akiwauliza wanasikia nini, wanamjibu! Mmoja alisema anasikia zabibu. Torkel alirudi nyumbani akiimba.

Kahawa ya pale sasa hatuiwezi sisi watu wazima. Kwa hiyo naomba ile sheria muitupe, na mwandishi wenu mumpe pole zangu, alisema kweli tupu: kahawa bora ni ya mezani kwako. Natia kwenye birika, naiacha juu ya moto mpaka ikate tamaa. Majken anafika saa nne. Gunvor analetwa na magongo yake, anapewa kiti cha dirishani, nami namuuliza, "Kama kawaida?" Jana walikuja hata wateja wa meza ya nyuma ya mkahawa. Mkiichapisha barua hii, tafadhali sana ondoeni anuani yangu: tumeshafika watu saba, na viti ni vinne.