Yombo Kabla ya Rangi ya Chokoleti

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepoteza kiti changu jana, Jumapili, saa saba mchana, mboga ya pondu ikiwa bado mezani. Kiti cha marraine, mama wa kumsimamia Glodie kanisani siku ya harusi yake. Glodie ni binti wa mdogo wangu Médard. Nilimwogesha akiwa na siku tatu. Sasa anasema picha zinataka marraine mwenye sura ya kisasa, na pengine Viviane, mke wa mdogo wetu wa mwisho, angefaa zaidi. Médard akatazama miiba ya samaki wake. Viviane akatazama kucha zake. Nikauliza kama neno limekwisha. Glodie akajibu hapana, tantine, atasema Jumapili ijayo baada ya misa.

Bon. Nilianza na beseni moja la mikate, leo nina depo ya vinywaji hapa Kabondo. Siwezi kushindwa na kucha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshika rendez-vous kwa Aurélie, saluni ya Makiso. Jumamosi asubuhi. Rangi ya chokoleti, kama wasichana wa benki.

Aurélie ana masharti kuliko padri. Nifumue msuko mapema, ngozi ipumzike. Nisipake mafuta. Nisiweke dawa ya kunyoosha. Nisioshe kichwa siku mbili kabla, maana uchafu kidogo unakinga ngozi. Na nimtajie kila kitu kilichogusa nywele zangu mwaka huu. Padri unaweza kumficha, mama, anasema, mimi hapana.

Nikamwambia maji na sabuni tu. Mpaka leo ni kweli.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefumua msuko. Msiba. Katika kila nywele kumi, saba nyeupe.

Akina mama wa kanisa wanajua nina miaka arobaini na minane. Médard, ambaye ni mdogo wangu, alisherehekea hamsini na miwili mwezi wa tano, na keki, mbele ya watu wote. Hesabu hiyo hakuna aliyeifanya bado. Lakini Viviane ni mteja wa Aurélie. Aurélie akiona nyeupe asubuhi, jioni Kabondo nzima wanayo miaka yangu.

Donc, yombo. Ule unga mweusi wa kuficha mvi, wa wazee wanaotafuta mke wa pili. Hapa sikununua, wananijua. Nimevuka mto kwa pirogi hadi Lubunga. Muuzaji akauliza kama ni ya papa, mume wangu. Nikasema ndiyo. Marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa na upara tangu harusi yetu.

Ijumaa, 8 Agosti

Yombo imeshika. Imeshika nywele, masikio na paji la uso. Nimesugua kwa sabuni na ndimu mara tatu. Ndipo nikakumbuka kwamba kichwa hakitakiwi kuoshwa.

Nimekwenda kusimama kando ya barabara ya Bafwasende, penye malori, bila kitambaa, mpaka kichwa kirudishiwe uchafu wake. Kijana wa pikipiki akapunguza mwendo, akauliza kama mama amefiwa. Nikamwambia aongeze mwendo, vumbi lake halitoshi.

Jumamosi, 9 Agosti

Viviane alikuwa pale, kwenye kiti cha pili. Bila shaka.

Aurélie akaniuliza mara ya mwisho: hakuna kitu kingine, mama? Nikaapa maji na sabuni. Akapaka dawa ya kung'arisha. Kichwa kikaanza kuchemka kama sufuria ya mihogo. Akanivuta kwenye maji mbio. Nywele zikabaki mikononi mwake, laini, zinavutika kama bamia. Akanusa taulo. Akasema, bila kupaza sauti, "Hii iko yombo." Akazikata zile zilizobaki mpaka karibu na ngozi.

Viviane hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Alifungua kitambaa chake, akanifunga kichwani, akanirudisha nyumbani. Njiani akaniambia, kama mtu kwa dada yake mkubwa, "Yaya, hata mimi nilikuwa ninaweka yombo. Nilimwambia Aurélie. Alinikatalia rangi mwaka mzima, mpaka ikaisha."

Anajisifu, hata juu ya pikipiki.

Nimekaa chumbani. Kioo nimekigeuza ukutani. Mama yangu alizikwa na nywele zake zote.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda misani. Glodie akaja mwenyewe. Nilipofungua kitambaa alilia, halafu akakishika kichwa changu kwa mikono miwili kama anachagua papai. Akasema Viviane amekataa kiti mbele ya wote: mkubwa yupo, yeye hawezi kupita mbele yake. Donc marraine ni mimi. Nije na kitambaa, tantine, inatosha, nitapendeza.

Nimeshinda, kumbe. Mbona sisikii utamu? Kiti nilikitaka kwa nguvu zangu, nimepewa kwa huruma. Na kitambaa kwenye picha ni cha Viviane. Wajukuu wa Glodie watauliza yule bibi mgonjwa ni nani.

Jumatano, 13 Agosti

Nywele zimetoka kidogo, kama ukungu juu ya mkate wa juzi. Nyeupe zote. Harusi ni Jumamosi hii.

Nimepata namba ya Emilie, anayeweka rangi Lubunga. Viviane hamjui. Kwa uangalifu nimezipaka yombo asubuhi, kidogo tu, Emilie asiogope mvi. Sasa hivi nimemtumia ujumbe:

"Bonjour mama Emilie. Je, unaweza kuweka chokoleti kwenye nywele fupi, leo? Kichwa hakijaguswa na dawa yoyote, ni maji na sabuni tu. Usinieleze masharti, ninayajua. Nijibu ndiyo ama hapana, kabla ya saa tisa."