Tumbo Halina Meno

Jumatatu, 3 Machi
Kiungulia tena. Muuguzi wa zahanati aliuliza huwa nakula kwa muda gani. Dakika tatu, nimesimama jikoni. Akasema, baba, tumbo halina meno. Kazi inaanza mdomoni: meno yasage, mate yalainishe. Ukimeza mapande, tumbo litahangaika nayo saa nyingi kabla ya kuyapeleka utumboni. Binti yangu alikuwepo. Akaapa kwamba Jumapili akinikuta bado nashika kifua, ananihamishia kwake. Niiache nyumba ya mama yake? Ng'o!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu ya kwanza: kutafuna mara thelathini kila tonge. Nilifika kumi na moja nikamkumbuka marehemu mke wangu, hesabu ikapotea. Yeye hakuwa mtu wa kula kimya. Kila tonge na swali lake: leo umeonana na nani? Alivaa nini? Chakula cha jioni kilikuwa saa nzima. Nami nilidhani ni umbea tu.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu ya pili: kijiko chake cha chai, kile alichokipinda mpini kwa kufungulia makopo. Haba na haba. Nikachota mbiombio. Kifua moto, kama pasi ya mkaa.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi viatu wa jirani, hasimu wangu wa drafti, kaja na sahani yake bila kualikwa. Kakalia kiti cha marehemu! Nilitaka kumfukuza, ila mdomo ulikuwa umejaa. Ikabidi nitafune kwanza. Nilipomeza, alishaanza uongo mwingine, nao ulihitaji jibu. Tumemaliza jua limezama. Kiungulia hakuna. Kijiko kimeanza kufanya kazi!

Ijumaa, 7 Machi
Karudi. Kasema viatu vyangu vinapiga miayo. Tumebishana hadi wali umepoa. Tumbo shwari. Kijiko hiki ni dawa.

Jumapili, 9 Machi
Binti kaja, kanikagua, karidhika. Aliuliza nimefanyaje, nikamwonyesha kijiko. Akakishika, akiupapasa ule mpini. Nabaki nyumbani!
Alipoondoka tu, fundi akabisha hodi na sahani yake. Nikamshukuru dirishani, nikamwambia nimeshapona, asijisumbue tena. Nikala kwa raha zangu, nimesimama. Dakika tatu.
Sasa kifua kinawaka. Nimeshagundua kosa: kijiko ni kikubwa mno. Kesho natafuta kidogo zaidi.